Barua ya wazi kwa wanaoshika fungu la utafiti wa vimelea: lipieni na saa za kwanza za sampuli

Tanga mjini

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia fedha za utafiti wa vimelea na mnaoidhinisha bajeti za maabara za mikoani,

YAH: KUTENGEWA FUNGU KAZI YA KUBUNI NA KUBORESHA NJIA ZA KUSOMA VINASABA VYA VIMELEA MKOANI TANGA

Kwa heshima na taadhima, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Tanga. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea damu, makohozi, choo na maji ya visima kutoka wilaya za mkoa huu, na kuvitayarisha ili vinasaba vya vimelea vilivyomo visomwe. Jambo hili nimeshaliandika kwa njia za kawaida. Barua zilipitia kwa mkuu wangu wa kazi, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Jibu pekee lililorudi lilikuwa la mdomo: suala linafanyiwa kazi. Mwaka wa fedha ukaisha, ukaanza mwingine, na fungu halikuonekana. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitataja ofisi wala jina la mtu, kwa kuwa sitafuti wa kumwaibisha. Natafuta uamuzi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ubora wa usomaji wa vinasaba huamuliwa katika saa chache za kwanza baada ya sampuli kutoka kwa mgonjwa, na saa hizo zinapita hapa, Muheza, Korogwe, Pangani na Lushoto. Mnalipia ukusanyaji. Mnalipia usafirishaji. Mnalipia hata mashine. Saa hizo za kwanza hakuna anayezilipia, na hakuna anayemlipa mtu akae chini atafute namna bora ya kuzitumia.

Naeleza kwa kirefu, maana barua hii itasomwa pia na wasio wa maabara.

1. Sampuli inaharibikia mikononi mwetu, na njia za kuiokoa hazina mlipaji

Chukueni damu ya mtoto mwenye malaria kutoka Muheza. Ndani yake mna Plasmodium falciparum, kimelea ambacho jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote kwa ujumla, ina herufi milioni 23 hivi, herufi zikiwa ni vipashio vya kikemikali vilivyopangana kwenye uzi wa vinasaba. Ndani ya damu hiyo hiyo mna seli nyeupe za mtoto mwenyewe, na kila moja imebeba nakala mbili za jenomu ya binadamu, yenye herufi takriban bilioni 3 kwa kila nakala. Ukiimimina yote kwenye mashine, mashine itasoma kile ilichopewa. Itamsoma mtoto, itamsoma tena na tena, na kimelea kitaambulia sehemu ndogo. Fedha inakwenda kwa kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Na mzazi alipotia saini karatasi ya ridhaa, aliridhia kimelea kisomwe, hakuridhia mwanawe asomwe.

Ipo njia ya kuzitoa seli nyeupe, tena haihitaji mtambo. Unajaza unga wa selulosi ndani ya bomba la sindano, unaulowesha kwa maji ya chumvi, kisha unaipitisha damu taratibu. Seli nyekundu, ambazo ndizo zilizobeba kimelea, zinateremka hadi kwenye tyubu iliyowekwa chini. Seli nyeupe zinanasa katika unga. Ukishindilia sana, damu inakwama juu na inaanza kuganda. Ukilegeza, seli nyeupe zinapita pamoja na nyekundu. Mkono unajifunza kiasi. Anayeifanya kila siku anajua kwa kutazama tu kasi ya matone kama chujio limekaa sawa.

Sharti la njia hii ni kwamba damu iwe mbichi. Ikishagandishwa, seli nyeupe zinapasuka, vinasaba vyake vinamwagika na kuchanganyika na vya kimelea, na chujio halina tena cha kunasa. Sasa tazameni utaratibu mnaoulipia: damu inachukuliwa, inagandishwa, inapangwa kwenye maboksi, inasubiri kibali, inasafirishwa. Inapofika kwenye mashine kubwa na ghali za ng'ambo, kosa limeshatendeka zamani, na limetendeka hapa kwetu kwa sababu bajeti ilikuwa na mstari wa friza na haikuwa na mstari wa kuchuja.

Kwa mtoto mdogo kuna shida nyingine. Njia zilizoandikwa vitabuni zinataka damu nyingi kuliko tunayothubutu kumtoa mtoto wa miaka miwili mwenye upungufu wa damu. Kwa hiyo tulianza kujaribu mabomba madogo zaidi na unga kidogo zaidi, kwa vifaa tulivyochangishana wenyewe. Kazi hiyo imesimama kwa kukosa unga wa selulosi. Ninyi mnaosoma bajeti za mamilioni, naomba hilo mlitafakari.

Makohozi yana ugumu wake. Bakteria wa kifua kikuu amevaa ukuta wenye nta, hapasuki kirahisi. Inabidi umtikise pamoja na shanga ndogo za kioo kwa nguvu. Ukimtikisa kidogo, vinasaba vinabaki vimefungiwa ndani. Ukizidisha, vinakatika vipande vifupi visivyofaa kwa mashine zinazosoma nyuzi ndefu. Njia ya kuukwepa mzigo huu ni kumwotesha kwanza maabara, lakini bakteria huyu ni mvivu wa kukua, anakula wiki hata 6 au 8, na mgonjwa mwenye kifua kikuu sugu anaendelea kumeza dawa zisizomfaa huku akikohoa ndani ya nyumba yenye watoto. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza usomaji wa vinasaba vya sehemu zinazohusika na usugu utumike kupima kifua kikuu. Pendekezo ni zuri. Kinachoamua kama litamfikia mgonjwa wa Handeni ni namna ya kumtoa bakteria kwenye makohozi mazito yaliyosafiri kwa pikipiki katika joto la Januari.

Choo na maji vinadhurika na joto hilo hilo. Chupa ikikaa nusu siku bila ubaridi wakati wa kaskazi, bakteria wagumu wanazaliana humo na walio dhaifu wanakufa. Ukija kusoma, unasoma kilichotokea ndani ya chupa barabarani, na unakiandika kana kwamba ndicho kilichokuwa tumboni mwa mgonjwa.

Na msidhani suala ni la hospitali tu. Wakulima wa mwani wa Mkinga, na wenzao wa Mlingotini kule Bagamoyo, wanataka kujua ni nini kinachoyafanya matawi ya mwani kuwa meupe, kulainika na kukatika kwenye kamba. Joto la maji lina sehemu yake na bakteria wana sehemu yao. Lakini mwani umejaa ute, ndiyo ute huo huo unaoupa thamani sokoni, nao unashikamana na vinasaba na kuzuia vimeng'enya visifanye kazi. Chukua njia iliyotengenezwa kwa damu, itumie kwenye mwani: unapata uji kwenye tyubu, na mashine haisomi chochote. Lazima mtu akae na mwani wenyewe, ajaribu chumvi hii na sabuni ile, aoshe mara moja, aoshe mara mbili, aandike daftarini. Hiyo ndiyo kazi ninayoiombea fungu.

2. Mnanunua mashine, lakini kubuni njia kunafutwa kwenye maandiko ya miradi

Kila tunapopeleka andiko la mradi lenye kipengele cha kuboresha mbinu, kipengele hicho ndicho cha kwanza kufutwa. Tunaambiwa mbinu zipo tayari, tuzitumie. Tunaambiwa kazi yetu ni kukusanya.

Waheshimiwa, fani hii yote imejengwa na watu waliolipwa kubuni mbinu, na mara nyingi walizibunia kwenye vimelea. Mwaka 1977 Frederick Sanger na wenzake Uingereza walisoma jenomu nzima ya kirusi kinachoshambulia bakteria, phiX174, yenye herufi elfu 5 na kitu, na mwaka huo huo wakachapisha njia bora zaidi iliyotumika duniani kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1995 jenomu ya kwanza ya bakteria, Haemophilus influenzae, yenye herufi milioni 1.8, ilikamilika kwa sababu timu moja ya Marekani iliruhusiwa kujaribu njia ambayo wengi waliitilia shaka: kuvivunja vinasaba ovyo vipande vipande, kuvisoma vyote, kisha kuiachia kompyuta ivipange. Mwaka 1998 ikafuata jenomu ya kifua kikuu, herufi milioni 4.4. Ya Plasmodium falciparum ilingoja hadi 2002, na sababu moja ni kwamba karibu asilimia 80 ya herufi zake ni mbili tu kati ya nne zilizopo, A na T, mchanganyiko unaozisumbua njia za kawaida.

Mtasema hao ni matajiri. Basi twendeni Guinea. Mwaka 2015, Ebola ikiwa bado inaua, watafiti walibeba maabara nzima ya kusomea vinasaba ndani ya mabegi ya kawaida ya ndege. Walitumia MinION, mashine isiyofika gramu 100 inayochomekwa kwenye kompyuta. Walisoma sampuli 142, na jibu lilipatikana ndani ya saa 24 baada ya sampuli kupokelewa. Mashine peke yake isingeweza. Virusi kwenye sampuli vilikuwa vichache, kwa hiyo walibuni namna ya kuikuza jenomu, yaani kuinakili mara nyingi, kwa vipande vinavyopishana, kila kimoja kikifunika mwisho wa mwenzake. Wazo hilo likaboreshwa kwa ajili ya virusi vya Zika, na Korona ilipoingia mwaka 2020 maabara za dunia nzima, zikiwemo za matajiri, zilikuwa zinaitumia njia ya ukoo huo. Ilikomaa kwenye joto, mahali pasipo na starehe yoyote ya maabara.

Kwa mhogo ni vivyo hivyo. Watafiti waliofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda wameshasoma virusi vya mhogo papo hapo shambani kwa mashine hiyo ndogo, wakampa mkulima jibu kwa saa chache. Walifika huko kwa kupunguza hatua za kutoa vinasaba mpaka zikafanyika pasipo jengo.

3. Joto na umeme

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa kila mmoja wenu analijua tatizo. Damu ikishagandishwa, njia mojawapo iliyobaki ya kukikomboa kimelea ni kukuza vinasaba vyake pekee kwa kimeng'enya kinachoitwa phi29. Kinafanya kazi kwenye nyuzi joto 30, na utaratibu wa kawaida unakiacha usiku kucha, hata saa 16 mfululizo. Umeme ukikatika saa nane za usiku na jenereta likakosa mafuta, kazi inamwagwa asubuhi pamoja na sampuli isiyo na mbadala. Betri na paneli za sola za kulinda mashine moja ya kukuzia na friza moja si mradi mkubwa. Tumeomba, hazijaja.

4. Vitendanishi (kemikali na vimeng'enya vya kufanyia kazi) vinafika vimekufa

Katriji za kusomea za mashine ndogo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na uhai wake ni miezi 3 hivi. Vimeng'enya vingi vinataka nyuzi 20 chini ya sifuri. Kifurushi kinatua, kinasubiri karatasi, kinasubiri saini, barafu inayeyuka. Tunalifungua boksi tunakuta pakiti za barafu zimekuwa maji ya vuguvugu na lebo zimevimba kwa unyevu. Tunavitumia hivyo hivyo kwa kuwa hatuna vingine, usomaji unatoka hafifu, kisha ripoti inaandikwa kwamba uwezo wa mikoani bado ni mdogo. Ripoti hiyo inatuumiza sana, kwa sababu uwezo haukupimwa.

Vipo vitendanishi vilivyokaushwa vinavyostahimili joto. Kuvijaribu kimoja kimoja dhidi ya sampuli zetu na kuandika kipi kinafaa ni kazi ya miezi michache kwa watu wawili. Nayo ni kazi ya kuboresha mbinu, kwa hiyo haina fungu.

5. Kompyuta, na vijana tunaowapoteza

Mashine ya MinION haioni herufi moja kwa moja. Inapima mabadiliko ya umeme wakati uzi wa vinasaba unapita kwenye tundu dogo mno, na programu ndiyo inayogeuza mabadiliko hayo kuwa herufi. Programu imefundishwa kwa mifano. Bakteria wengi huweka alama za kikemikali juu ya herufi zao, kila jamii kwa mtindo wake, na programu isiyoujua mtindo wa bakteria fulani hukosea mahali pale pale kila mara. Kemia mpya ya mashine hizi imefikisha usahihi zaidi ya asilimia 99 kwa uzi mmoja, lakini makosa ya aina hiyo hayaondoki kwa kusoma mara nyingi zaidi. Yanaondoka kwa kuifundisha programu kwa bakteria husika, na bakteria wa wagonjwa wetu tunao sisi.

Mashine hizo zinaweza pia kuelekezwa ziutambue uzi wa binadamu ukiwa bado unapita tunduni na kuutema, ili nafasi ibaki kwa kimelea. Kwa hospitali yenye damu iliyogandishwa hilo ni jambo kubwa. Linahitaji kompyuta yenye nguvu na kijana anayeijua. Vijana tuliwafundisha. Walikaa kwa mikataba ya mradi, mradi ukaisha, wakaenda kuuza bando na kufanya kazi benki. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa kuichoka sayansi.

6. Matokeo hayarudi, hata ya sampuli zilizofeli

Mkoa huu umetoa mengi. Kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, kilianza mwaka 1902. Watoto wa Korogwe, na wenzao wa Bagamoyo katika mkoa jirani wa Pwani, walikuwamo kwenye majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya vimelea vilivyopatikana kwenye majaribio hayo, ukaonyesha kwamba kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 chanjo ilikinga kwa takriban asilimia 50 dhidi ya vimelea vinavyofanana na aina iliyotengenezewa chanjo, na takriban asilimia 33 dhidi ya visivyofanana. Hilo ni jambo la maana sana kwa mzazi wa Korogwe. Usomaji ulifanyika Marekani. Siwalaumu walioufanya, waliufanya vizuri. Nauliza tu kwa nini miaka yote hii baadaye bado tunapangiwa kazi ya kukusanya.

Kuna jambo dogo zaidi, nalo ndilo linalotukwamisha kila wiki. Sampuli ikifeli huko ilikopelekwa, hatuambiwi. Hatujui ilifeli kwa sababu vinasaba vilikatika, au binadamu alizidi, au tyubu ilivuja. Tunaendelea kuandaa nyingine kwa namna ile ile. Na daktari aliyetoa makohozi ya mgonjwa wake anapata jibu mgonjwa ameshahama, ameshapona au ameshazikwa.

Najua majibu yatakayotolewa, mengine nimeshayasikia.

Mtasema kusomesha nje ni rahisi zaidi. Kwa bei ya herufi moja, ni kweli, mashine kubwa inazishinda ndogo zote. Lakini pigeni hesabu kwa bei ya jibu linalofaa. Jumlisheni sampuli zilizosomwa zikatoa binadamu mtupu, zilizofika zimeoza, na zilizojibiwa baada ya mgonjwa kumaliza dozi isiyomsaidia. Naomba hesabu hiyo ifanywe kwa maandishi, tuione.

Mtasema Dar es Salaam, Moshi na Morogoro wapo wanaosoma vinasaba. Wapo, wanafanya kazi nzuri, na tunajifunza kwao. Siombi Tanga ijengewe majengo kama ya kwao. Naomba kile ambacho Dar es Salaam haiwezi kutufanyia: kuishughulikia damu ya Handeni ikiwa bado mbichi. Tazameni na majirani zetu wa Kilifi, ng'ambo ya mpaka, pwani hii hii yenye joto hili hili na chumvi hii hii hewani. Wakati wa Korona walizisoma sampuli za pwani yao wenyewe.

Mtasema yapo ya haraka zaidi: dawa, glovu, vitanda. Jibu hili ndilo zito, na nafanya kazi jirani na wodi, najua kinachokosekana. Lakini dawa mnayoinunua kwa fedha nyingi ni dawa mseto ya malaria, na mkoani Kagera kimeshaonekana kimelea chenye badiliko la R561H kwenye jeni la kelch13, badiliko linalohusishwa na kimelea kuchelewa kuondoka mwilini mgonjwa anapotumia dawa za jamii ya artemisinini, ambazo ndizo msingi wa dawa mseto hiyo. Lilijulikana kwa kusoma vinasaba. Likifika Tanga, mtataka kujua mwezi huo huo, kabla hamjaagiza shehena nyingine. Lushoto nako tauni iliwatesa watu kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Wazee wa kule hawahitaji kuelezwa maana ya jibu linalochelewa kupanda mlima.

Na wapo watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba kubuni mbinu ni kazi ya wakubwa na sisi wa mikoani tufuate maelekezo. Kwa hao ninaomba nafasi ya kuwaonyesha madaftari yetu.

Kwa hayo yote, tunaomba yafuatayo:

(a) Litengwe fungu la kudumu, hata likiwa dogo, la kubuni na kuboresha njia za kutayarisha na kusoma vinasaba vya vimelea mikoani. Pia kila mradi unaosafirisha sampuli kutoka Tanga au Bagamoyo utoe angalau asilimia 10 ya bajeti yake ya usomaji kwa kazi hiyo.

(b) Damu ya malaria inayokusudiwa kusomwa jenomu nzima ichujwe siku ile ile, kabla ya kugandishwa, na gharama ya kuchuja iwe sehemu ya gharama ya sampuli.

(c) Friza na mashine ya kukuzia vipewe betri na sola.

(d) Vitendanishi vya maabara za Tanga, Bagamoyo na Moshi viagizwe kwa pamoja, vibali vikamilike kabla ya mzigo kupakiwa, na pawepo chumba cha baridi cha kuupokea.

(e) Ziidhinishwe ajira mbili za kudumu za wachambuzi wa data za vinasaba hapa mkoani.

(f) Kila mkataba wa kusafirisha sampuli uwe na masharti manne: sehemu ya sampuli ibaki hapa, data ghafi irudi, jibu linalogusa matibabu limfikie daktari ndani ya siku 14, na kila sampuli iliyofeli irudishiwe maelezo ya sababu.

(g) Tupewe jibu la maandishi, hata kama ni la kukataa, kabla ya makadirio ya mwaka ujao wa fedha kufungwa. Mkikataa, mtaje hoja mnayoikataa na sababu yake.

Madaftari ya majaribio yetu yako wazi kwa yeyote mtakayemtuma. Akija, naomba aje siku ya kazi kabla ya saa nne asubuhi, ndipo damu za Muheza zinapofika, aikute kazi ikifanyika. Aje na unga wa selulosi kama anaweza, tutaanza siku hiyo hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa Maabara,
Tanga

Nakala:
Wabunge wa majimbo ya Mkoa wa Tanga na Jimbo la Bagamoyo
Vikundi vya wakulima wa mwani, Mkinga na Mlingotini
Wateknolojia wenzangu wa maabara za wilaya